Songkran: sikukuu iliyonyang'anywa mwaka wake

Kazi yangu ni historia ya kalenda, na kila Aprili naletewa video za Songkran, mwaka mpya wa jadi wa Thailand, kutoka mji mkuu Bangkok: vijana wenye bunduki za maji, barabara ya Silom imefurika, watalii wamelowa chapachapa. Swali huwa lilelile: mwaka mpya gani huu, na Januari ilishapita?

Jina Songkran lina asili ya Kisanskriti, na maana yake ni kuvuka: jua linaingia buruji ya Hamali, yaani kundi la nyota la Aries. Hapo, katikati ya Aprili, joto likiwa limefika kileleni na mpunga umeshavunwa, ndipo mwaka ulipobadilika.

Mwaka 1889 Mfalme Chulalongkorn aliagiza mwaka wa serikali uanze Aprili 1. Kisha serikali ya Waziri Mkuu Phibun Songkhram ikausogeza hadi Januari 1, 1941, nchi iende sambamba na mataifa mengine. Matokeo yake, mwaka 2483 wa Kibudha (hesabu ya miaka ya Thailand, iliyotangulia ile ya kawaida kwa miaka 543) ulikuwa na miezi tisa tu, Aprili hadi Desemba 1940. Wasomaji wengi wa nyaraka hukwama hapa. Ukikuta barua ya Februari 2482 ukatoa 543 kama ilivyozoeleka, unapata 1939. Kumbe iliandikwa Februari 1940.

Lakini Songkran yenyewe haikuhama. Serikali ilichukua hesabu ya mwaka, watu wakabaki na maji yao.

Na maji hayo kwanza ni ya wazee. Mjukuu hupiga magoti mbele ya bibi, akammiminia viganjani maji yenye maua ya asumini, taratibu, naye bibi akamwombea heri. Hekaluni sanamu za Buddha huogeshwa, na watu hupeleka mchanga na kuufinyanga kuwa minara midogo, kufidia ule uliotoka na nyayo zao mwaka mzima. Mimi mchanga huo hunigusa kuliko kitu chochote katika sikukuu hii.

Kurushiana maji kulikuwa mchezo wa vibakuli. Utalii na miji mikubwa vikaleta mipira ya kunyunyizia maji na pikapu zenye mapipa ya maji ya barafu. Wapo wanaolia kwamba mila imekufa, sikubaliani nao. Desemba 2023 UNESCO iliiingiza Songkran katika orodha ya urithi wa binadamu, kwenye kikao kilichofanyika Kasane, Botswana. Na Aprili 13, siku ambayo Silom hugeuka mto, ndiyo pia Siku ya Wazee kitaifa: mabasi yametoka Bangkok yamejaa pomoni, watu wanarudi vijijini kwao kumimina maji mikononi mwa wazazi.