Jaribio la kitabibu si njia ya mkato ya kupata dawa mpya

Ikitoka taarifa ya dawa mpya ya saratani ya mapafu, hakosekani wa kusema: "Mwambieni daktari amwingize mgonjwa kwenye majaribio, huko ndiko ziliko dawa zenyewe." Msemaji huwa na nia njema, na mara nyingi ni ndugu aliyekesha akisoma. Ila anazungumzia utafiti kana kwamba ni wodi ya matibabu bora ambayo wengine wamenyimwa.

Maana yenyewe ni fupi. Jaribio la kitabibu ni utafiti unaofanywa kwa watu, kwa mpango ulioandikwa na kuidhinishwa kabla mshiriki wa kwanza hajaingia, ili kujibu swali ambalo jibu lake bado halijulikani. Awamu ya kwanza hutafuta dozi salama kwa watu wachache, ya pili huangalia kama dawa inaonyesha dalili ya kufanya kazi, ya tatu huilinganisha na matibabu yanayotumika sasa kwa mamia ya wagonjwa, na ya nne huifuatilia ikiwa imeshaidhinishwa. Si lazima iwe dawa. Utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2011, wenye washiriki 53,454, ulilinganisha picha za CT za mionzi midogo na eksirei ya kawaida ya kifua kwa watu waliovuta sigara kwa miaka mingi, na waliopigwa CT walipungukiwa na vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20.

Sasa tuje kwenye lile linaloniudhi. Daktari anayekutibu huanza na wewe: akiona dozi inakuchosha anaipunguza, akiona dawa haikufai anabadilisha. Jaribio huanza na swali. Dozi, siku za vipimo na sababu za kukusimamisha vimeshaandikwa kwenye mpango, na katika majaribio mengi ya awamu ya tatu ni kompyuta inayokupanga kundi, kwa kura. Daktari hachagui, wewe huchagui, na pengine nyote wawili hamjui umeangukia wapi. Mwaka 1982 Paul Appelbaum na wenzake walilipa jina kosa la mshiriki kuamini kwamba kila kinachofanyika ndani ya utafiti kimepangwa kwa faida yake binafsi: dhana potofu ya tiba. Wao waliliona kwa wagonjwa wa akili, lakini kwenye saratani limejaa tele.

Na msidhani kura hiyo ni ukatili. Hupigwa kwa sababu kweli hakuna anayejua. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya majaribio mawili kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa ambao hawajaanza matibabu. Dawa zilikuwa pembrolizumab na nivolumab, zote tiba za kinga, yaani zinazoisaidia kinga ya mwili kupambana na saratani, zote zikifunga kizuizi kile kile cha seli za kinga kiitwacho PD-1. Jaribio la pembrolizumab, lenye wagonjwa 305 waliochaguliwa kwa kuwa na protini ya PD-L1, ile inayoshikana na kizuizi hicho, kwenye angalau nusu ya seli za uvimbe, liliishinda tibakemikali waziwazi. Lile la nivolumab, lililopokea hata watu wenye PD-L1 kidogo zaidi, halikuishinda. Ndugu aliyepigania mgonjwa wake apewe "dawa mpya" katika hili la pili hakumpatia chochote cha ziada kwa wastani.

Dawa nyingine ya saratani ya mapafu, kidonge kiitwacho gefitinib, inafundisha zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wagonjwa 1,217 wa Asia walipewa ama gefitinib ama tibakemikali. Wenye mabadiliko ya jeni ya EGFR walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kuendelea walipotumia gefitinib. Wasio nayo, ugonjwa ulienda mbio zaidi wakiwa kwenye gefitinib kuliko kwenye tibakemikali. Kidonge ni kile kile. Upya wa dawa haukumsaidia mtu ambaye jeni yake haikuhusika.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili: "Watakupa vidonge vya bure visivyo na kitu, ufe wanakuangalia." Pale penye matibabu yanayojulikana kusaidia, kundi la ulinganisho hupewa matibabu hayo. Dawa bandia, yaani hivyo vidonge visivyo na kitu, hutumika ikiongezwa juu yake, au pale ambapo kwa kawaida mgonjwa angekuwa anafuatiliwa tu, kwa mfano baada ya upasuaji. Fomu ya ridhaa lazima iseme kama dawa bandia ipo. Na aliyesaini anaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza haki ya matibabu ya kawaida.

Kutafuta ni rahisi kuliko kukubaliwa. Tovuti ya ClinicalTrials.gov, iliyofunguliwa mwaka 2000, na ile ya Shirika la Afya Duniani inayokusanya sajili za nchi mbalimbali, zote ni bure. Jaribio kuonekana humo ni kusajiliwa tu, si kuthibitishwa kwamba ni zuri. Angalia kwanza kama bado linapokea watu na vituo vyake viko wapi, kisha nenda moja kwa moja kwenye vigezo. Hapo utahitaji majibu ya maabara: saratani ni ya seli ndogo au si ya seli ndogo (hii ya pili ni kama asilimia 85 ya saratani zote za mapafu), imefika hatua gani, jeni za EGFR, ALK, ROS1 na KRAS zikoje, PD-L1 ni kiasi gani, imefika kwenye ubongo au la, na mgonjwa anajimudu kiasi gani kwa shughuli zake za kila siku. Bila majibu hayo, kuorodhesha majaribio hamsini ni kupoteza usiku. Uliza pia nani analipia vipimo vya ziada na nauli, maana dawa kuwa bure hakufanyi safari kuwa bure.

Kuna kigezo kingine ambacho familia hukigundua wakiwa wamechelewa, nacho ni matibabu yaliyokwisha kutumika. Wengi huyaweka majaribio mwisho wa foleni, baada ya kila kitu kushindikana. Majaribio mengi hutaka mgonjwa ambaye hajaguswa na dawa yoyote ya saratani iliyosambaa, na mengine humkataa aliyewahi kupata tiba ya kinga. Kwa hiyo, kama hali inaruhusu kusubiri siku chache, swali la majaribio aulizwe daktari kabla ya dozi ya kwanza, pamoja na swali la vipimo vya jeni.