Uvimbe ndani ya Uti wa Mgongo wa Mtoto: Maswali ya Wazazi

Ni uvimbe wa namna gani?
Ni seli zilizoota kupita kiasi ndani ya uti wenyewe, ile kamba laini isiyozidi unene wa kidole kidogo, inayopita katikati ya pingili za mgongo. Ni nadra, na kwa watoto aina inayoonekana zaidi ni astrositoma, ambayo mara nyingi hukua polepole.

Mzazi atautambuaje?
Ukuaji huo wa polepole ndio unaotuchelewesha, kwani mtoto huweza kulalamika miezi mingi huku akichuliwa mgongo na kuambiwa kwamba anadeka. Maumivu yanayomwamsha usiku na kupungua akiketi si ya kupuuzwa. Vivyo hivyo mtoto aliyetembea vizuri akianza kujikwaa, ndala ikimvuka mguu mmoja asihisi, mgongo ukipinda, au akirudia kukojoa kitandani baada ya kuacha. Kifua kikuu cha mgongo, ambacho hapa kwetu kipo, huleta dalili zinazokaribiana na hizi. Eksirei haiuonyeshi uti, kwa hiyo kipimo kinachohitajika ni MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Ombeni rufaa mapema. Hapa Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ina madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu.

Upasuaji hufanywaje?
Mtoto hupewa nusu kaputi na kulazwa kifudifudi. Daktari hufungua sehemu ya nyuma ya pingili, kisha utando unaoufunika uti, na kwa msaada wa darubini huupasua uti kwenye mstari wa katikati, mahali ambapo madhara kwa mishipa ya fahamu huwa madogo zaidi. Uvimbe hutolewa kidogo kidogo, kuanzia ndani kuelekea pembeni, mara nyingi kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kinachouvunja na kuufyonza. Palipo na mashine ya kupima umeme unaoshuka miguuni, mapigo hayo ya umeme yakififia daktari husita au husimama kabisa. Astrositoma nyingi hazina mpaka ulio wazi na uti, hivyo daktari akibakiza sehemu ya uvimbe ili kuilinda miguu ya mtoto, msimhesabie kuwa ameshindwa.

Je, atatembea?
Jibu hutegemea zaidi hali aliyoingia nayo chumba cha upasuaji. Anayeingia akitembea ana matumaini makubwa ya kuendelea kutembea, ilhali aliyekwisha kupooza kwa muda mrefu ni vigumu kurudishiwa nguvu zote. Hii ndiyo sababu nasisitiza kutosubiri. Siku za mwanzo miguu huweza kuwa dhaifu kuliko awali. Jambo hilo huwatia wazazi hofu kubwa, lakini mara nyingi nguvu hurejea kwa wiki au miezi, kwa mazoezi ya viungo ya kila siku.

Na baadaye?
Majibu ya maabara ya uvimbe uliotolewa ndiyo yanayoamua kama mionzi au dawa za saratani zitahitajika. Kwa watoto wadogo mionzi huepukwa inapowezekana. MRI hurudiwa kwa miaka kadhaa, na mgongo huchunguzwa hadi mtoto amalize kukua, kwa kuwa pingili zilizofunguliwa huweza kuinama na kuleta kibiongo.