Brahma ni mkubwa, lakini hana haraka

Wengi hununua vifaranga wa Brahma wakiamini kuku mkubwa hivyo lazima akue upesi kama broila, wiki 6 yuko sufuriani. Sivyo. Uzao huu uliendelezwa Marekani katika karne ya 19 kutokana na kuku walioletwa kutoka China. Jogoo hufika kilo 5, ila huchukua mwaka mzima au zaidi kujaa. Mifupa hutangulia, nyama hufuata. Mshike wa miezi 4: miguu minene, shingo ndefu, na kifuani unapapasa mfupa. Kama anakula vizuri na amechangamka, haumwi. Bado anajijenga. Mitetea nao huanza kutaga wakiwa na miezi 6 au 7, na inaniuma kuona wakichinjwa mapema eti ni tasa.

Macho yako yaweke miguuni. Kifaranga wa siku moja tayari ana manyoya laini hadi vidoleni, na kinyesi kikigandia hapo hukauka kama saruji. Loweka kwa maji ya uvuguvugu, usivute, maana ukucha unaweza kung'oka. Tandika maranda makavu, yakilowa badilisha siku hiyohiyo.