Si lazima mkandarasi awe na fedha za mradi mzima benki

Vijiweni husemwa kwamba mkandarasi asiye na bilioni 6 benki asiguse zabuni ya barabara ya bilioni 6. Sivyo. Nyaraka za zabuni za miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia huuliza kama atamudu kuendesha kazi miezi michache huku hati zake za malipo zikisubiri kulipwa: lami inunuliwe, greda lipate dizeli, vibarua wapate chao. Taslimu huhesabiwa, na barua ya benki inayoahidi mkopo pia. Malipo ya awali ya mkataba huohuo hayahesabiwi. Panapobana hasa ni kwingine: mahitaji ya kazi nyingine alizonazo mkononi hukatwa kwenye uwezo huo, na wastani wa mapato yake ya ujenzi wa miaka iliyopita nao hutazamwa.