Daktari, ukimwandikia mbunge mwezi wa Mei umeshachelewa

Bunge la Bajeti likianza tu, simu yangu haipumziki. Leo daktari wa Newala, kesho mganga mfawidhi wa Liwale: “Kaka, tusaidie barua kwa mbunge, zahanati haina chumba cha kujifungulia, akatusemee Dodoma.” Nimefanya kazi ya ukatibu wa afya huku Kusini muda mrefu, na jibu langu ni lile lile: njoo Oktoba.

Dhana: Mbunge akisema bungeni, hela inaongezwa.

Ukweli: Haiongezwi hivyo. Mahitaji ya zahanati yanaanzia kwenye mpango wa kituo chenyewe, yanaingia Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, yanapitishwa na baraza la madiwani mwanzoni mwa mwaka, ndipo yanakwenda mkoani, TAMISEMI (wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) na Hazina. Wabunge wanapokaa Aprili, kazi kubwa imeshakwisha. Isitoshe, Ibara ya 99 ya Katiba haimpi mbunge nafasi ya kuongeza matumizi ya Mfuko Mkuu kwa hoja yake mwenyewe. Pendekezo lazima litoke kwa Rais, liletwe na waziri. Atauliza swali, atashika shilingi, yaani atatishia kuzuia mshahara wa waziri, atapewa ahadi. Ahadi siikatai, ila mwaka wa fedha ukianza Julai mosi, ahadi haijengi ukuta.

Wengi wanasahau kwamba mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake, na ana kura. Kwa zahanati yako, kura hiyo ina uzito kuliko hotuba. Mshike kati ya Oktoba na Desemba. Najua ni msimu wa korosho na kila mwanasiasa anahangaika na minada na malipo ya wakulima. Vizuri, maana yake anaonekana jimboni. Kama hashikiki, mwone katibu wake, na diwani wa kata umwone kabla yao wote.

Barua iwe ukurasa mmoja, ombi moja. Madaktari mnaniudhi hapa! Mnaandika “changamoto ya rasilimali watu katika utoaji wa huduma za afya ya msingi” halafu mnashangaa hamjibiwi. Andika: “Zahanati ya kijiji fulani ina muuguzi mmoja. Akifuata chanjo wilayani, mlango unafungwa, mjamzito anapanda bodaboda hadi kituo cha afya.” Kisha taja kata, gharama na unachotaka apigie kura.

Dhana: Mtumishi wa umma akizungumza na mbunge anafukuzwa kazi.

Ukweli: Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki maamuzi yanayomhusu. Kinachokuponza ni kuvujisha nyaraka za ofisi au kuisemea halmashauri bila ruhusa. Mjulishe DMO, mganga mkuu wa wilaya. Ukiogopa, pitia MAT, Chama cha Madaktari Tanzania. Chama kipo tangu 1965.

Dhana: Ya afya yote apelekewe Waziri wa Afya.

Ukweli: Ligula ya Mtwara na Sokoine ya Lindi, sawa, ni hospitali za rufaa za mikoa, ziko kwake. Zahanati na vituo vya afya viko TAMISEMI.

Dhana: Mfuko wa Jimbo ni hela ya mbunge, kuuomba ni kuomba fadhila.

Ukweli: Uliwekwa kwa sheria ya 2009. Fedha zinaingia halmashauri, kamati inaamua, mbunge ni mwenyekiti tu. Kama wananchi wameshanyanyua boma, omba mabati.