Je, Wajua Kwa Nini Kitana Huvuta Karatasi Isiyo na Chaji?

Chana nywele kavu kwa kitana cha plastiki, kisha kisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vitaruka na kunata. Kitana kimepata chaji kwa kusuguana na nywele, hilo linaeleweka. Lakini karatasi haina chaji ya ziada: chanya na hasi zilizomo ndani yake ziko sawa kwa sawa. Kitana huvuta aina moja na kusukuma nyingine, kwa hiyo ungetarajia karatasi itulie palepale. Mbona inaruka?

Siri iko kwenye umbali. Tuseme kitana kina chaji hasi. Elektroni za karatasi, ambazo nazo ni hasi, husukumwa nyuma kidogo. Hazitoki kwenye molekuli zao. Husogea umbali mdogo kuliko hata upana wa atomu. Hapo chaji chanya huwa zimekaribia kitana kuliko hasi, na kwa kuwa kani ya umeme hudhoofika upesi umbali unapoongezeka, mvuto hushinda msukumo.

Hudhoofika kwa kiasi gani? Mwaka 1785 Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, alilipima jambo hilo. Alining'iniza kijiti kwa waya mwembamba sana wa fedha. Nchani mwa kijiti palikuwa na tufe dogo, na pembeni yake tufe jingine lisilosogea. Akayapa chaji ya aina moja, yakasukumana hadi yakaachana digrii 36, waya nao ukajisokota digrii 36. Kisha akausokota waya zaidi ili kuyarudisha karibu. Yalipofika digrii 18, msokoto wote, ambao ndio kipimo cha kani, ulikuwa digrii 144. Umbali nusu, kani mara nne! Naliona jaribio hili kuwa miongoni mwa mazuri kabisa katika fizikia.

Kwa upande wa chaji, hesabu ni nyepesi: ongeza chaji ya kitu kimoja mara mbili, kani nayo huongezeka mara mbili, ongeza za vyote viwili, huwa mara nne. Na kani yenyewe ni kubwa ajabu. Kulombi (kipimo cha chaji) moja na nyingine zikiwa mita moja tu kati yao zingesukumana kwa nyutoni bilioni 9, karibu uzito wa tani 900,000. Kitana hubeba sehemu ndogo mno ya kulombi, na bado huinyanyua karatasi inayovutwa chini na dunia nzima.

Ukitazama kwa makini, utaona baadhi ya vipande vikinata kwa muda kisha vikirushwa. Hivyo vimeshachukua chaji hasi ya kitana, na sasa vinasukumana nacho.