Chai za Noeli na Bonane: yanayosemwa Bukavu na yaliyo kweli

Mwezi wa Desemba, maboksi ya chai yenye picha za theluji na utepe mwekundu huanza kuonekana kwenye alimantasio (maduka ya vyakula) za Ibanda, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mengine hufika ndani ya mizigo ya ndugu wanaotoka Ulaya kuja kula Noeli na Bonane (Mwaka Mpya) nyumbani. Chungwa na karafuu, lozi, karameli, vanila, mkate wa tangawizi. Boksi linafunguliwa wageni wakiwepo, majani yanamwagwa kwenye sufuria ya maziwa inayotokota, sukari inafuata bila kuhesabiwa, na mwishowe mtu anasema: "Aa, iko chai tu sawa ingine." Inaniuma kila ninapolisikia neno hilo, maana chai yenyewe mara nyingi haina kosa. Tumeionja kwa kufuata mambo tuliyoambizana kwa miaka, na mengi kati ya hayo si kweli.

"Wanatia harufu ili kuficha chai mbovu"

Hili husemwa zaidi na wazee waliozoea chai ya Kabare, jirani na mji wetu, isiyotiwa kitu. Nawaelewa, lakini historia haiko upande wao. Huko Fuzhou, China, chai ya yasmini hutengenezwa kwa kulaza majani makavu pamoja na maua yanayofunguka usiku. Jani kavu la chai hunywa harufu ya kila kilicho karibu nalo, kwa hiyo asubuhi limeshashika harufu ya ua. Maua yale huondolewa, na kwa chai ya daraja la juu kazi hurudiwa usiku mwingine kwa maua mapya. Hakuna anayepoteza maua na usiku kucha kwa jani bovu. Earl Grey nayo, ambayo wengi hapa wanaijua, hupata harufu yake kutoka mafuta ya ganda la bergamoti, tunda la jamii ya ndimu na machungwa linalolimwa hasa Calabria, kusini mwa Italia.

Ni kweli pia kwamba wapo wanaochukua majani hafifu na kuyalowesha kwa arome kali, yaani kiungo cha harufu kinachoongezwa. Kujua si kazi ngumu. Mwaga kijiko kimoja cha chai kavu kwenye sahani nyeupe, utenge vipande vya matunda na maua, uangalie jani lililobaki: lina umbo, au ni vijiti vyekundu na mabua? Kisha iandae bila sukari, uiache ipoe kidogo kabla ya kuonja. Arome kali hutangulia kuruka. Ikiwa baada yake mdomoni unabaki uchungu mkavu tu, basi mzee alikuwa na haki kwa boksi hilo moja.

Ila ule unga mweusi wa kwenye mifuko midogo usiuhukumu haraka. Watu huamini kwamba umefagiliwa sakafuni kiwandani. Sivyo. Chai ikishakauka hupitishwa kwenye chekeche, na chembe ndogo kabisa ni daraja mojawapo linalouzwa kwa jina lake. Hutoa rangi na nguvu upesi, ndiyo maana huwekwa kwenye mifuko. Udhaifu wake ni kwamba harufu nayo huikimbia upesi, kwa hiyo kwa chai za sikukuu napendelea jani kubwa kila ninapolipata.

"Picha ya vanila kwenye boksi maana yake kuna vanila ndani"

"Mama, hii iko na vanila ya kweli, angalia picha." Usiangalie picha, geuza boksi. Chai nyingi zinazotufikia zimeandikwa kwa Kifaransa, na kama zilifungwa kwa ajili ya soko la Umoja wa Ulaya, maneno yale madogo ya nyuma yanabanwa na sheria. Ikiandikwa "arôme naturel de vanille", angalau asilimia 95 ya sehemu inayotoa harufu lazima iwe imetoka kwenye vanila yenyewe. Ikiandikwa "arôme naturel" bila kutaja tunda, ni kitu cha asili, lakini huenda kimetoka kwenye mimea mingine kabisa. Ikiandikwa "arôme" peke yake, inaweza kuwa imetengenezwa maabara. Hiyo ya mwisho haina maana ya sumu. Ina maana tu kwamba usilipie bei ya vanila.

Na vile vipande vya ganda la chungwa, petali za buluu, nyota za sukari? Vingi vimewekwa kwa ajili ya macho. Petali za buluu karibu hazina ladha yoyote. Kinachonukia ni mafuta au arome iliyonyunyiziwa juu ya majani.

"Inanukia tamu, kwa hiyo ina sukari"

Mwenye kisukari huisukuma kando gobeleti ya chai ya karameli, na mwenzake asiye na kisukari huisifu kwamba haihitaji sukari. Wote wawili wamedanganywa na pua. Vanila haina utamu, na harufu ya karameli haina utamu. Akili imezoea kukutana na harufu hizo ndani ya keki na bonbon, basi ikizinusa inaongeza utamu yenyewe. Jaribu hivi: ziba pua kwa vidole, chukua funda moja, subiri, kisha achia pua. Ulipokuwa umeziba ulikuwa na uchungu kidogo na joto, basi. Ukiachia, Noeli yote inaingia kwa mpigo mmoja. Ulimi hutambua utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ile ladha nzito ya supu ya nyama. Chungwa, mdalasini, lozi na mengine yote ni kazi ya harufu inayopanda puani kwa njia ya nyuma ya koo.

Lakini mwenye kisukari asome boksi hata hivyo, kwa sababu baadhi ya chai hizi zina vipande vya karameli au matunda yaliyopakwa sukari. Na mwenye presha atafute neno "réglisse". Huo ni mzizi mtamu kweli, hutiwa sana kwenye michanganyiko ya sikukuu, na ukinywewa mara kwa mara unaweza kupandisha presha na kupunguza potasiamu mwilini. Mama mzee anayetumia dawa za presha asiandaliwe hiyo kila jioni eti kwa kuwa ni mitishamba.

Hapo hapo niguse jambo la watoto. Boksi likiwa na matunda, watu hudhani halina kafeini. Tazama kilicho chini ya matunda. Kama ni jani la chai, jeusi au la kijani, kafeini ipo, na mtoto atakesha hata baada ya misa ya usiku. Kama ni rooibos, kichaka cha milima ya Cederberg huko Afrika Kusini, au ua jekundu la rozela, au mchaichai wa uani kwetu, hakuna kafeini, mpe tu.

"Ichemke sana ndiyo inoge"

Hapa ndipo chai nyingi za sikukuu zinapofia Bukavu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Viungo na majani havitaki jambo moja. Gome la mdalasini, karafuu, iliki na tangawizi vinashikilia mafuta yao ndani ya sehemu nene au ngumu. Vinahitaji moto na muda, dakika kumi na zaidi, sufuria ikiwa imefunikwa. Jani la chai ni jembamba. Kwa dakika nne au tano limeshatoa kilicho kizuri, na ukiendelea kulichemsha unavuta ule ukakasi unaokausha fizi, huku arome ya vanila au chungwa ikipanda na mvuke na kubaki darini. Ndiyo maana jikoni kunanukia vizuri kuliko kikombe. Chai ya ladha iliyotoka kiwandani haichemshwi kamwe. Maji yachemke yenyewe, yamiminwe juu ya majani, pafunikwe.

Na maji yetu yana tabia yake. Shuleni tulifundishwa kwamba maji huchemka kwa digrii 100. Hiyo ni kando ya bahari. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na nyumba zetu ziko juu zaidi, kwenye vilima. Hewa ikiwa nyepesi namna hiyo, maji yanachemka yakiwa kwenye digrii 95 hivi, na hata ukiongeza makala (makaa) kwenye mbabula, jiko letu la makaa, hayatapanda zaidi, yatapungua tu. Kwa chai nyeusi, tofauti hiyo inaonekana: dakika tatu zilizoandikwa kwenye boksi na mtu wa Paris au Hamburg hazitoshi hapa. Mimi huongeza dakika moja, na huisuuza buli kwa maji ya moto kwanza ili isinyang'anye joto. Maji yaliyolala kwenye termosi tangu asubuhi hayafai kabisa kwa chai nyeusi. Kwa ile ya kijani ni kinyume: inataka digrii 70 hadi 80, kwa hiyo termosi inaweza kuisaidia. Wengi wanaosema chai ya kijani yenye ladha ya Noeli ni chungu wameiunguza tu.

"Maziwa yamekatika, maana yake yalikuwa mabovu"

Si lazima. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na kwenye maziwa ya vuguvugu hukata upesi. Chemsha tangawizi kwenye maji kwanza, kimeng'enya kinakufa, kisha tia maziwa bila hofu. Rozela ni kesi nyingine: ni chachu mno, na uchachu hauondoki kwa kuchemsha. Boksi lenye rozela au ndimu usilichanganye na maziwa. Muuza maziwa ameshalaumiwa sana bila kosa.

"Kuonja ni kazi ya wataalamu"

Kuna kipimo cha kimataifa kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1980, ISO 3103: gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika sita. Kiliwekwa ili chai mbili zilinganishwe kwa haki, na chai inayotoka hapo ni nzito kuliko tunayoifurahia nyumbani. Chukua wazo, acha ukali wake: kipimo kimoja, muda mmoja, vikombe vinavyofanana, tena vyeupe ndani.

Onja kwanza bila sukari na bila maziwa, hata kama baadaye utatia vyote viwili. Nusa jani kavu, nusa jani lililolowa, kisha vuta funda kwa sauti. Najua bibi anakukataza. Mezani mtii bibi, lakini kwenye kuonja sauti ina kazi: hewa inayoingia na chai huitawanya mdomoni na kuisukuma harufu hadi nyuma ya pua. Anza na nyepesi, kama matunda na vanila. Maliza na karafuu, nana na chai za moshi, kwani hizo zikitangulia hutaonja kingine. Kati ya chai mbili, maji na kipande cha mkate mkavu vinatosha.

Wapo wanaoipeleka chai kwenye ncha ya ulimi kutafuta utamu na nyuma kutafuta uchungu. Ramani hiyo ya ulimi ilizaliwa kwa kusomwa vibaya utafiti wa Mjerumani mmoja, Hänig, wa mwaka 1901. Sehemu zote za ulimi zenye vionjo hutambua ladha zote.

"Chai haiozi, itunze mpaka Noeli ijayo"

Ikibaki kavu haitakudhuru. Lakini ile arome uliyoilipia itakuwa imeondoka, na nafasi yake itakuwa imechukuliwa na harufu ya kabati. Sokoni Kadutu nimeona chai imepangwa katikati ya sabuni na beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizokaushwa. Jani linalonywa yasmini usiku mmoja litanywa sambaza pia. Nunua iliyofungwa ndani ya karatasi ya alumini, na ukifungua, hamishia kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, mbali na mbabula. Mvua za Desemba zinatia unyevu kila kitu, boksi la karatasi peke yake halizuii.

Na asiye na ndugu wa kumletea boksi hajakosa kitu. Chai ya Kabare ina nguvu ya kubeba viungo, kwa hiyo mchanganyiko wa chungwa na karafuu unawezekana hapa hapa. Lita moja ya maji, kipande cha mdalasini chenye urefu wa kidole, karafuu tatu, si zaidi, na ganda la chungwa moja. Mdalasini uliojikunja kwa tabaka nyingi nyembamba ni ule wa Ceylon. Gome nene, gumu, lenye mkunjo mmoja ni kasia, kali zaidi, na ina kumarini, ambayo kwa wanaoitumia kila siku kwa wingi inaweza kuumiza ini. Kwa sikukuu zote mbili zinafaa. Chemsha viungo dakika kumi na kifuniko juu, epua, tia vijiko vinne vya majani, funika dakika tano, chuja. Ganda la chungwa lioshwe vizuri na limenywe jembamba kwa kisu kikali, ule weupe wa ndani ubaki kwenye tunda, maana ndio wenye uchungu.